NZI WA NDIZI NA UGONJWA WA NDUGU YETU

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Nyakisasa)



Kamati iliponiandikia kunitaka nizungumze juu ya "jambo lolote la elimu", nilifikiri kwanza nizungumze juu ya mipango na bajeti, maana ndiyo kazi inayonilisha. Kisha nikaona kwamba watu waliokwisha kula chakula cha mchana hawastahili adhabu hiyo. Kwa hiyo nimechagua kuzungumza juu ya nzi.

Sina maana ya nzi wa chooni. Nasema yule mdogo kabisa, mwenye macho mekundu, ambaye kila aliyekulia Ngara au Biharamulo anamfahamu. Ndizi zikitolewa shimoni zimeiva, zikakamuliwa kwa nyasi na kutiwa mtama, yeye huwa amekwisha fika kabla ya wageni. Huzunguka mdomo wa kibuyu, huanguka ndani na kufia humo, na wazee humtoa kwa kidole na kuendelea kunywa. Wataalamu humwita Drosophila melanogaster, yaani nzi wa matunda. Asili yake ni Afrika hii hii yetu, ingawa sasa ameenea dunia nzima.

Huenda mnajiuliza nzi ana uhusiano gani na mkutano wetu. Nitawaeleza.

Wengi wenu mnamkumbuka mwenzetu tuliyemwita Namba Saba, winga wetu wa kulia. Hapakuwa na beki katika shule za jirani aliyeweza kumkamata. Mjane wake ameniruhusu niyaseme haya. Mwaka 2017 Namba Saba alianza kushindwa kufunga vifungo vya shati. Baadaye kikombe kikawa kinamponyoka. Mwaka uliofuata mguu wa kulia, ule ule uliotupatia vikombe, ukaanza kuburuza. Nyama za mikono zikaisha, na misuli ikawa inachezacheza chini ya ngozi kama maji yanayotaka kuchemka. Mwishoni sauti ilikuwa nzito, haeleweki, lakini akili yake ilikuwa timamu kama yangu na yako. Alifariki mwaka 2020.

Madaktari katika hospitali kubwa walimwambia mapema jina la ugonjwa: ugonjwa wa neva za mwendo. Lakini nyumbani jina hilo halikukubaliwa. Ilisemwa kwamba ugonjwa unaoacha akili na kula miguu hautoki kwa Mungu. Akatafutwa mtu, akapatikana: mdogo wake, tumbo moja, ambaye shamba lake la migomba limepakana na lake, na ambaye waliwahi kugombana juu ya mpaka. Mganga aliletwa kutoka mbali, akasema maneno ambayo watu walitaka kuyasikia. Usiku mmoja yule mdogo alichukua mkewe na watoto wake wakahamia Biharamulo. Hakumzika kaka yake. Mpaka leo hajarudi.

Ndugu zangu, mganga yule alilipwa kwa mchango. Mimi nilichanga shilingi elfu hamsini. Nilisoma sayansi ya viumbe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa fedha za umma, nilijua vizuri ugonjwa ule ni nini, na nilichanga, kwa sababu sikutaka ionekane kwamba msomi amekataa kumsaidia mwenzake. Nilijua nikanyamaza. Hotuba hii ni kulipa deni hilo, angalau sehemu yake.

Sasa nije kwenye nzi.

Mwili hautembei wenyewe. Amri hutoka katika ubongo, hushuka katika uti wa mgongo, na kutoka hapo hupelekwa kwenye misuli na seli ndefu za neva. Hizo ndizo neva za mwendo. Ni kama nyaya za umeme kutoka kwenye nguzo hadi kwenye balbu. Zikikatika, balbu ni nzima lakini haiwaki. Katika ugonjwa aliokuwa nao Namba Saba nyaya hizi hufa polepole, moja baada ya nyingine. Msuli usiopata amri hunyauka. Hatimaye misuli ya kupumua nayo hushindwa. Wagonjwa wengi huishi miaka miwili hadi mitano tangu dalili za kwanza. Wachache huishi zaidi: yule mtaalamu wa fizikia wa Uingereza, Stephen Hawking, aliambiwa ana ugonjwa huu mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 21, akafariki mwaka 2018. Yeye hakupakana na shamba la mtu yeyote Nyakisasa.

Kwa nini neva hizo hufa? Hapo ndipo inapoingia habari ya jeni. Jeni ni maagizo yaliyoandikwa ndani ya kila seli, tuliyorithi kwa baba na mama. Binadamu anazo kama 20,000. Kila jeni ni kama waraka wa serikali unaoeleza namna ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini. Sisi tunaofanya kazi ofisini tunajua madhara ya kosa la mpiga chapa. Waraka ukisema "lima" ukachapwa "lipa", ni herufi moja tu, lakini wilaya nzima itakwenda kinyume.

Mwaka 1993 watafiti waligundua kwamba katika baadhi ya koo zenye ugonjwa huu kuna kosa la namna hiyo katika jeni iitwayo SOD1. Mwaka 2006 ikaonekana kwamba protini nyingine, iitwayo TDP-43, hujikusanya kama mashapo ndani ya neva za wagonjwa walio wengi. Na mwaka 2008 ikajulikana kwamba jeni ya protini hiyo nayo huweza kuwa na kosa. Mwaka 2011 ikapatikana jeni nyingine, C9orf72. Lakini kuona kosa kwa mgonjwa si kuthibitisha kwamba kosa hilo ndilo lililoleta ugonjwa. Mwizi akikutwa karibu na duka lililovunjwa, hakimu bado atauliza ushahidi. Ushahidi ungekuwa ni kubadili jeni hiyo kwa makusudi na kuangalia kama mwendo utaharibika. Kwa binadamu jambo hilo haliwezekani wala halifai. Kwa nzi linawezekana.

Hapana budi niwaeleze kwa nini nzi anafaa. Tangu mwaka 1910, Thomas Hunt Morgan alipomwona nzi mwenye macho meupe katika maabara yake New York, mdudu huyu amechunguzwa kuliko karibu mnyama mwingine yeyote. Yai lake huwa nzi kamili kwa muda wa siku 10 hivi, na huishi kama miezi miwili. Kwa hiyo mtafiti huona utoto, ujana na uzee katika muhula mmoja wa masomo. Maagizo yake yote ya urithi yalisomwa na kutangazwa mwaka 2000: ana jeni kama 14,000. Na jambo lililowashangaza watu ni kwamba katika kila jeni nne za binadamu zinazojulikana kuleta maradhi, kama tatu zina ndugu yake katika nzi. Tena tangu mwaka 1993 kumekuwa na njia ya kuiamuru jeni ifanye kazi katika neva za mwendo peke yake, na mwili mwingine wote usiguswe.

Mwendo wa nzi hupimwaje? Kwa kifaa hiki mnachokiona mkononi mwangu: chupa tupu yenye kuta wima. Jana jioni niliweka ndizi mbivu ndani yake, na leo asubuhi nilikuwa na nzi wapatao ishirini bila gharama yoyote. Mwalimu Mkuu naomba utazame saa yako.

(Hapa msemaji aliigonga chupa mezani. Nzi walianguka chini, kisha wakaanza kupanda ukuta wa chupa. Mwalimu Mkuu alisema zilikuwa sekunde nane.)

Ahsante, Mwalimu Mkuu. Nzi mzima ana tabia ya kupanda juu. Ukimwangusha, hupanda tena mara moja. Katika maabara huchorwa mstari, na huhesabiwa ni nzi wangapi wameupita kwa muda wa sekunde 10. Wiki ijayo huhesabiwa tena, na wiki inayofuata tena. Watoto wake, yaani mabuu, hupimwa kwa kuhesabu mawimbi ya mwili wanapotambaa. Hesabu hii angeiweza kijana yeyote wa kidato cha kwanza, na bado imeleta habari kubwa.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitia jeni ya SOD1 ya binadamu katika neva za mwendo za nzi. Wale nzi walizaliwa wakiwa wazima na walipanda vizuri walipokuwa vijana. Lakini siku zilivyokwenda, walioupita mstari wakawa wanapungua. Neva zao zilikuwa bado hai, ila zilikuwa zimeanza kupitisha amri vibaya. Maana yake ni kwamba mwendo huanza kuharibika kabla neva haijafa. Hebu mkumbukeni Namba Saba na vifungo vyake vya shati.

Mwaka 2009, katika kituo cha kimataifa cha uhandisi wa jeni mjini Trieste, Italia, ambacho Tanzania ni mmoja wa wanachama wake, walifanya kinyume chake. Waliiondoa kwa nzi jeni ambayo ni ndugu wa TDP-43. Nzi wale kwa sura walikuwa kama wenzao. Lakini walishindwa kwenda na kupanda kama kawaida, wakafa mapema, na mahali neva inapokutana na msuli palikuwa na kasoro. Kisha watafiti wale wakatia ndani ya neva za nzi wale, zikiwemo zile za mwendo, protini ya TDP-43 ya binadamu. Mwendo ukarudi.

Naomba jambo hili tulitafakari. Kitu kinachofanya kazi ndani ya neva zangu na zako kiliweza kumtengeneza mdudu tunayemtoa kibuyuni kwa kidole. Yale maagizo yalikuwa yanasomeka pande zote mbili.

Mwaka uliofuata, 2010, wengine walionyesha kwamba protini hiyo hiyo ikizidi mno katika neva za mwendo, nzi huharibika vilevile. Ni kama chumvi katika maharage: ikikosekana ni kosa, na ikizidi ni kosa.

Sasa nisije nikawadanganya. Nzi si mtu. Neva zake huzungumza na misuli kwa kemikali tofauti na ile itumiwayo na neva zetu. Dawa nyingi zilizowasaidia nzi na panya zimeshindwa kwa binadamu. Dawa iitwayo riluzole imekuwapo tangu mwaka 1995, nayo huongeza miezi michache tu. Mwaka 2023 Marekani iliruhusu dawa iitwayo tofersen kwa wagonjwa wenye kosa katika jeni ya SOD1 peke yao, nao ni wachache. Ugonjwa bado haujapata tiba ya kuuponya. Lakini kutojua kuponya si sawa na kutojua chanzo. Nyumba ikiungua hatuwezi kuirudisha, ila tunaweza kusema moto ulianzia jikoni na si kwa jirani.

Na hili ndilo neno langu kuu leo. Nzi hana shamba. Hana mdogo wake wa kugombana naye juu ya mpaka wa migomba, wala hana mke mwenza au jirani mwenye kijicho. Anaishi ndani ya chupa, anakula chakula kile kile wanachokula wenzake. Hubadilishwa jeni moja tu, na mwendo wake huharibika kwa njia inayofanana na ile tuliyoiona kwa ndugu yetu. Mtu akiniambia kwamba ugonjwa wa namna ile hauwezi kuwapo bila mkono wa mtu mbaya, namwonyesha chupa.

Najua swali litakalofuata, maana nimekwisha kuulizwa: "Kama ni jeni, basi ni ukoo. Watoto wao wasioe wala kuolewa." Ndugu zangu, tusitoke katika shimo moja tukaingia katika jingine. Katika wagonjwa kumi wa ugonjwa huu, tisa hivi hawana ndugu mwingine aliyeugua. Kosa la jeni linaweza kutokea kwa mara ya kwanza kwa mtu mwenyewe, na mara nyingi huwa ni mambo kadha wa kadha yamekutana. Katika ukoo wa Namba Saba hakuna mzee anayekumbuka mgonjwa mwingine kama yeye. Na hata pale kosa linaporithiwa, kwa kawaida kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kulikwepa kabisa. Kuwafungia watoto mlango wa ndoa kwa neno ambalo hatukulielewa ni uganga ule ule uliovaa koti jeupe.

Tena si kila ugonjwa wa neva za mwendo hutokana na jeni. Hapa Tanzania tunao mfano. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, walipooza miguu ghafla, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Waliochunguza, pamoja na wataalamu wa Taasisi yetu ya Chakula na Lishe, waligundua kwamba ni ugonjwa uitwao konzo, uliokwisha kuelezwa Kongo tangu miaka ya 1930. Chanzo chake ni sumu ya muhogo mchungu. Njaa iliwafanya watu wafupishe siku za kuutayarisha, na hawakuwa na chakula kingine chenye protini ya kuusaidia mwili kuishinda sumu. Konzo haiendelei kuwa mbaya siku hadi siku kama ugonjwa wa Namba Saba, na inazuilika: muhogo utayarishwe kikamilifu, na maharage yasikosekane. Wenye kula ugali wa muhogo tulishike neno hilo. Lakini tazameni: laiti wale wangeridhika na kutafuta mchawi, nani angeuchunguza muhogo?

Neno kwa wadogo zetu wanafunzi. Msidhani kazi hii ni ya Wazungu peke yao. Katika miaka ya 2010 miradi iitwayo TReND in Africa na DrosAfrica iliendesha mafunzo ya uchunguzi wa nzi hawa katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kwenye tawi lake la Ishaka. Ishaka ni ng'ambo tu ya Mutukula, ukiipita Mbarara. Vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika walifundishwa kufanya haya niliyowasimulia. Nzi hahitaji zizi wala daktari wa mifugo. Hula unga wa mahindi, sukari na hamira. Pale penye darubini, chupa na mtu mwenye subira ya kuhesabu, kazi inaweza kuanza. Tunazo ndizi, na nzi wanakuja wenyewe. Kinachotakiwa ni ninyi kutoogopa hesabu na baiolojia. Mwalimu wetu wa baiolojia, Mungu amrehemu, alikuwa na swali moja tu kwa kila jibu letu: "Umejuaje?" Enzi zile lilituudhi. Ningalimwuliza yule mganga swali hilo mwaka 2019, huenda leo familia moja ingekuwa pamoja.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa ombi. Katika ajenda zetu kuna mchango wa kukarabati maktaba, nami nimekwisha kutoa wangu. Ombi langu halihitaji fedha. Jumamosi ijayo, alfajiri, nitakwenda Biharamulo kumwona mdogo wake Namba Saba. Mjane amenipa barua ya kumpelekea. Mzee wa ukoo, ambaye yupo hapa nasi, amekubali kumpokea akirudi, ila anataka aje na watu, asije peke yake kama mtu aliyesamehewa kosa. Naye hana kosa. Gari langu lina nafasi nne. Ningependa zijazwe na watu waliocheza timu moja na kaka yake, ili aone kwamba waliomjua Namba Saba kuliko wengine ndio waliokuja kumchukua.

Atakayekuwa tayari anione kabla ya chai.